Jimbo la Mashariki: Kura Tatu, Kisha Jembe na Nyumba

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Morogoro na Pwani, na karibu zote zinalizunguka jambo moja: eneo la uchaguzi lililoitwa Jimbo la Mashariki, ambalo leo halimo kwenye ramani yoyote ya Tume ya Uchaguzi. Tumezipanga kwa mfuatano wa miaka ili jibu moja lisaidie jingine.

Wazee wa hapa husema Mwalimu Nyerere aliwahi kuchaguliwa na watu wa huku. Nimepekua orodha za wabunge wa Morogoro kuanzia 1965, jina lake silioni. Je, wazee wamechanganya? (Msomaji, Morogoro Mjini)

Wazee wako sawa, ndugu msomaji. Wewe ndiye uliyeanza kutafuta miaka saba baada ya tukio lenyewe. Nyerere alichaguliwa Septemba 1958 kuwakilisha Jimbo la Mashariki katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lile ambalo watu walilifupisha LEGCO. Bunge lilikuwa bado halijazaliwa, na waliochaguliwa waliitwa wajumbe. Ukitafuta neno "mbunge" kwenye karatasi za mwaka huo utatoka mikono mitupu.

Mtego mkubwa zaidi ni neno jimbo lenyewe. Enzi za Mwingereza, jimbo lilikuwa ngazi ya utawala iliyo juu ya wilaya: Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kusini, Jimbo la Kaskazini, na kadhalika. Serikali ilipopanga uchaguzi wa kwanza haikuchora mipaka mipya kwa sehemu kubwa ya nchi, bali ilichukua majimbo hayo ya utawala na kuyafanya pia maeneo ya kupigia kura. Baada ya uhuru majimbo ya utawala yakageuzwa mikoa, na neno jimbo likabaki na maana tunayoijua leo, yaani eneo la mbunge. Kwa hiyo gazeti la 1957 linaloandika "Jimbo la Mashariki" huenda linazungumzia bei ya pamba au barabara ya Mahenge, wala halina habari na uchaguzi.

Eneo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Ndani yake zilikuwamo wilaya za Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji, Mafia, Morogoro, Kilosa na Ulanga: kuanzia visiwa vya Bahari ya Hindi, kupitia delta ya Rufiji na milima ya Uluguru, mpaka bonde la Kilombero. Ni mashamba, mito na misitu kwa sehemu yake kubwa, na miji michache midogo iliyofuata reli ya kati.

Jambo moja la kuongeza, maana linawapotosha wengi. Nyerere alikuwa amewahi kuketi katika Baraza hilo mwaka 1957, lakini kwa kuteuliwa na Gavana, na akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Ukikuta jina lake kwenye kumbukumbu za Baraza za 1957, usiandike kwamba alikuwa mjumbe wa Mashariki. Wakati huo hakuwa na jimbo.

Tunasikia habari za "kura tatu". Je, mtu mmoja alipiga kura mara tatu? Na Morogoro na Kilosa ilifanyikaje? (Mwalimu wa historia, Kilosa)

Alichagua watu watatu kwa mkupuo mmoja, na alilazimika kufanya hivyo. Nchi ilikuwa na majimbo 10 ya uchaguzi. Kila jimbo lilitoa wajumbe 3: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, jumla wajumbe 30. Daftari la wapiga kura lilikuwa moja kwa watu wa rangi zote. Mpiga kura, awe nani, alitakiwa kuchagua jina moja katika kila kundi ambalo lilikuwa na ushindani. Akichagua Mwafrika wake peke yake na kuacha mengine wazi, kura yake yote ilihesabiwa kuwa imeharibika.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo wanafunzi wengi huteleza. Tatizo la viti sawa kwa kila rangi lilionekana na kila mtu: kwa sensa ya 1957 Wazungu walikuwa takriban 20,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 8, nao wakapewa theluthi ya viti vya kuchaguliwa. Lakini masharti ya kulazimisha alama tatu ndiyo yaliyoitikisa TANU. Mwanachama wa TANU hakuweza kwenda kituoni, akamchagua mtu wake, akarudi nyumbani. Ilibidi awe pia na Mwasia wake na Mzungu wake, ilhali wakati huo chama chenyewe kilikuwa na wanachama Waafrika pekee.

Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulilijadili hilo kwa siku kadhaa, na kwa ukali. Waliotaka kususia walikuwa na hoja nzito: kushiriki ni kukubali kwamba Mzungu mmoja ana thamani ya Waafrika mamia. Nyerere alijibu kwamba kususia kungekiachia viti vyote chama cha United Tanganyika Party, UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi huo ukapewa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake, African National Congress.

Kilichofuata ndicho kinachofanya historia hii ivutie. TANU ikatafuta Waasia na Wazungu ambao ingewaunga mkono, na kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kuweka alama tatu, wapiga kura wa TANU ndio walioamua nani Mwasia na nani Mzungu aende LEGCO. Kule Jimbo la Kaskazini, kwa mfano, walitoka Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Masharti yaliyowekwa ili kuibana TANU yakawa ndiyo mkono wake mrefu. UTP ikabwagwa na haikuinuka tena.

Sasa uliza ni nani aliyeruhusiwa kupiga kura. Sharti lilikuwa umri wa miaka 21 au zaidi, pamoja na moja kati ya sifa hizi: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango kilichowekwa cha elimu, au cheo kilichotajwa na sheria. Pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo pauni 150 ni shilingi 3,000 kwa mwaka, au shilingi 250 kwa mwezi. Huo ulikuwa mshahara wa karani mzoefu. Mkata mkonge wa mashamba ya Kilosa hakuukaribia. Mkulima wa mpunga wa Rufiji naye, hata kama mwaka mmoja alipata mavuno mazuri, hakuwa na karatasi ya mshahara ya kuonyesha. Ndiyo maana waliojiandikisha nchi nzima hawakufika 60,000. Mikutano ya TANU ilijaa maelfu ya watu, wake kwa waume, ambao siku ya kura walibaki wakitazama wachache wakiingia kituoni kwa niaba yao.

Kwa mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi kupima matokeo ya 1958, kuna hesabu rahisi inayofaa sana. Kwa kuwa kura halali ilikuwa lazima iwe na alama katika kila kundi lenye ushindani, jumla ya kura halali za wagombea Waafrika ni lazima ilingane na jumla ya wagombea Waasia, na ya Wazungu pia. Ukikuta jedwali la jimbo moja ambalo jumla hizo hazilingani, kuna namba iliyonakiliwa vibaya. Na ukijumlisha makundi yote matatu ukadhani umepata idadi ya waliopiga kura, umeikuza mara tatu. Kosa hili la pili limo kwenye maandishi mengi ya wanafunzi, na huzaa asilimia za ajabu kama vile waliopiga kura kuwazidi waliojiandikisha.

Pale ambapo kundi lilikuwa na mgombea mmoja tu, alipita bila kupingwa na hana kura zozote. Usiandike sifuri mbele ya jina lake. Andika "bila kupingwa".

Nyerere ni mtu wa Butiama. Kwa nini asimame Mashariki badala ya kwao? Na mpinzani wake alikuwa nani? (Msomaji, Matombo)

Sheria haikumfunga mgombea mahali alipozaliwa. Pia tazama ratiba: majimbo 5 yalipiga kura Septemba 1958, nayo ni Kaskazini, Tanga, Mashariki, Magharibi na Nyanda za Juu za Kusini. Mengine 5 yalisubiri mpaka Februari 1959, na Jimbo la Ziwa, ambamo Butiama imo, lilikuwa kundi hilo la pili. Tena huko Ziwa TANU ilikuwa imenyimwa usajili Usukumani tangu 1954, na zuio hilo lilikuwa linaondolewa tu wakati huo. Kiongozi wa chama aliyetaka kuingia katika duru ya kwanza alipaswa kusimama kwenye jimbo la duru ya kwanza.

Mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, chifu Mluguru. Hapa tunawaomba wasomaji wasome taratibu, kwa sababu wengi humchora Kunambi kama kibaraka aliyepandikizwa na serikali. Jina lake limo katika orodha ya watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Miaka minne baadaye alisimama dhidi ya rais wa chama hichohicho. Matokeo yalikuwa takriban kura 2,600 za Nyerere kwa 800 za Kunambi. Ukitumia hesabu tuliyoieleza juu, utaona kwamba eneo lote lile, kutoka Mafia hadi Mahenge, lilikuwa na kura halali zipatazo 3,400 tu.

Kunambi alikuwa nyumbani kwake na bado akashindwa vibaya. Sababu moja iko Uluguru kwenyewe. Serikali ilikuwa imewalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo wenye rutuba pale ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, na udongo wa chini usio na nguvu unabaki juu. Watu walifanya kazi ngumu ili wavune kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka, na Matombo ndipo palipowaka. Machifu walikuwa ndio waliotumwa kusimamia matuta hayo. Baada ya hapo, cheo cha uchifu kilikuwa mzigo kwa yeyote aliyekibeba kwenda kuomba kura, hata awe mtu safi namna gani.

Kuna jambo jingine la miezi ileile. Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura, Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika makala ya *Sauti ya TANU*. Adhabu ilikuwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Angechagua kwenda jela, uchaguzi wa Mashariki ungemkuta huko. Na angalia kiasi chenyewe: shilingi 3,000, sawasawa na kipato cha mwaka mzima kilichomwezesha mtu kuwa mpiga kura.

Je, Dar es Salaam ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki? (Msomaji, Kisarawe)

Kwa uchaguzi, hapana. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa jimbo peke yake na ikapiga kura katika duru ya Februari 1959. Wilaya yako ya Kisarawe, ingawa inapakana na mji, ilipiga na Mashariki mwaka 1958. Ndiyo maana tunaliita jimbo la mashambani bila kusita: mji mkuu ulitolewa.

Jimbo hili lilikufa lini hasa? Vitabu vinatofautiana. (Msomaji, Mahenge)

Vinatofautiana kwa sababu lilikufa mara mbili. Kama eneo la uchaguzi lilikoma 1960. Kama eneo la utawala lilidumu mpaka majimbo yalipogeuzwa mikoa baada ya uhuru, ambapo Morogoro, Kilosa na Ulanga zikaunda Mkoa wa Morogoro, na Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji na Mafia zikaingia Mkoa wa Pwani. Mwandishi makini hutaja ni kifo kipi anachokisema.

Kilichoua eneo la uchaguzi ni mabadiliko ya Baraza. Baada ya duru mbili za 1958 na 1959, Gavana mpya Richard Turnbull aliona kwamba mfumo wa viti sawa hauna tena watetezi wenye kura. Julai 1959 wajumbe 5 waliochaguliwa waliingia kwenye baraza la mawaziri. Kisha ukapangwa uchaguzi wa Agosti 1960 wenye viti 71: viti 50 vya wazi kwa mtu yeyote, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Jimbo kubwa la Mashariki likakatwakatwa kuwa majimbo madogo yaliyokaribia wilaya.

Sifa za mpiga kura zililegezwa pia: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75, au cheo. Daftari likapanda kutoka chini ya 60,000 hadi takriban 885,000. Lakini kura chache sana zilipigwa, kwa sababu viti 58 kati ya 71 vilipita bila kupingwa. Kati ya vilivyopigiwa kura, TANU ilipoteza kimoja tu, Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama chake.

Naandika tasnifu kuhusu Rufiji kuanzia 1958 hadi 1965. Nalinganishaje matokeo ya chaguzi tatu za 1958, 1960 na 1965? Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

Anza kwa kukubali kwamba hutapata mstari mmoja mnyoofu. Mwaka 1958 Rufiji ilikuwa kipande cha jimbo kubwa, na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa ya jimbo zima. Mwaka 1960 na 1965 ilihesabiwa kwa mipaka midogo. Huwezi kuchukua kura 2,600 za Nyerere ukazigawa kwa wilaya 7 na kusema Rufiji ilitoa 370. Kura hazikugawanyika sawa. Waliokuwa na sifa walirundikana palipo na shule, stesheni, ofisi na maduka, kwa hiyo Morogoro na Kilosa zilikuwa na nafasi ya kuwa na wapiga kura wengi kuliko Rufiji au Mafia.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Kwanza tengeneza jedwali la mipaka kabla ya jedwali la kura. Kwa kila mwaka andika eneo la uchaguzi linaitwaje, lina wilaya zipi, lina viti vingapi, na mpiga kura ana alama ngapi. Ukimaliza hilo, nusu ya makosa yameshaondoka. Wilaya nazo zimezaa: Mkuranga imetoka Kisarawe, Kibiti imetoka Rufiji, Kilombero na Malinyi zimetoka Ulanga, Mvomero imetoka Morogoro, Gairo imetoka Kilosa. Ukisoma kijiji kilichotajwa kuwa Rufiji mwaka 1960, hakikisha hukitafuti leo Rufiji wakati kiko Kibiti.

Pili, nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ulizia kibali cha utafiti mapema, maana watu wengi hufunga safari na kukuta karatasi hazijakamilika. Beba penseli, siyo kalamu ya wino. Omba vitabu vya wilaya na vya jimbo vya zama za ukoloni. Maofisa waliandika humo mipaka, idadi ya watu, majina ya maakida na machifu, na mabadiliko yake mwaka hadi mwaka. Kila unachonakili, andika namba ya jalada pembeni papo hapo. Ukisema utairudia jioni, huirudii.

Tatu, tafuta Gazeti la Serikali la Tanganyika. Matangazo ya mipaka, uteuzi wa wagombea na washindi yalichapwa humo. Magazeti ya kawaida yatumie kwa hali ya kampeni, siyo kwa namba za mwisho, kwa sababu mara nyingi yalichapa hesabu za kwanza kabla hazijakamilika. *Tanganyika Standard* lilikuwa na macho ya walowezi na wafanyabiashara. *Mwafrika* lilikuwa upande wa wapigania uhuru, na mwaka 1958 wahariri wake walifungwa kwa kosa la uchochezi. Soma yote mawili kwa tarehe ileile, uone kila moja liliacha nini. Mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuyapata.

Nne, kwa 1965 kuna mtego wa kipekee. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji na kuwapanga kwa idadi ya kura. Kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kupelekwa kwa wananchi, na haikulazimika kufuata mpangilio ule. Kwa hiyo kuna kura za wajumbe wa chama na kuna kura za wananchi. Ukiona mgombea ana kura 40 mwaka 1965, hizo ni za mkutano wa wilaya, hajaporomoka.

Onyo dogo kwa wanaotafuta kwa intaneti. Kenya nayo ilikuwa na Mashariki yake, vilevile Uganda. Ongeza kila mara neno Tanganyika na mwaka, la sivyo utajikuta unasoma habari za Machakos.

Hapa Utete tunaambiwa Bibi Titi Mohamed alishindwa uchaguzi Rufiji. Mtu mashuhuri kiasi kile aliangukaje? (Msomaji, Utete)

Ni kweli, aliangushwa mwaka 1965. Alikuwa mkuu wa akina mama wa TANU tangu mwanzo, msemaji ambaye sauti yake ilijaza viwanja, na wakati wa uchaguzi alikuwa waziri mdogo. Ili kuelewa anguko lake lazima uelewe sheria za mchezo wa mwaka ule.

Nchi ilikuwa imeingia mfumo wa chama kimoja. Sharti la kusoma na la kipato lilikuwa limeondoka, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mkulima wa bondeni alimpigia kura mjumbe wake moja kwa moja. Karibu katika kila jimbo walisimama wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Waliongozana kwenye mikutano ileile iliyoandaliwa na chama. Hawakuruhusiwa kufanya kampeni binafsi, kutumia fedha zao, kutaja kabila, dini au rangi, wala kudai kwamba Nyerere anamtaka mmoja wao. Hotuba zilikuwa kwa Kiswahili tu, hata pale ambapo kilugha kingeeleweka haraka zaidi.

Ukiondoa chama, kabila, dini, fedha na jina la rais, kinachobaki ni swali moja: huyu mtu tunamjua, na ametufanyia nini? Hapo kiongozi wa kitaifa alikuwa na udhaifu. Kazi yake ilikuwa Dar es Salaam na mikoani, siyo kijijini. Nchi nzima mwaka huo walianguka mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa. Mkubwa kuliko wote alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeangukia Mwanza. Bibi Titi hakuwa peke yake, na kwa maoni yetu ni makosa kulieleza anguko lake kwa uanamke wake pekee. Mizani iliyomwangusha ndiyo iliyomwangusha Bomani kwenye ngome yake.

Na mizani hiyohiyo ilimwinua mtu ambaye wengi walidhani hawezi. Palepale katika eneo la zamani la Mashariki, Morogoro, Amir Jamal, Mwasia, alishinda kwa kishindo dhidi ya mgombea Mwafrika, miaka mitano tu baada ya Waasia kuwa na viti vyao vya kutengewa. Watu wa Morogoro ambao mwaka 1958 sheria iliwalazimu kuwa na mjumbe Mwasia, mwaka 1965 walimchagua mmoja bila kulazimishwa na mtu.

Nawahoji wazee wa kijiji kuhusu uchaguzi wa kwanza. Nitajuaje nani anakumbuka 1958 na nani anachanganya miaka? (Msomaji, Bagamoyo)

Anza na umri. Sharti lilikuwa miaka 21, kwa hiyo aliyezaliwa baada ya 1937 hakuweza kupiga kura mwaka 1958, ingawa aliweza kabisa kuhudhuria mikutano na kuimba. Usimkatae, badilisha tu swali. Muulize aliona nini, siyo alichagua nani.

Kisha sikiliza vitu vidogo. Akitaja jembe na nyumba, yuko 1965 au chaguzi zilizofuata. Akisema alikwenda kumchagua Nyerere dhidi ya Mtemvu, anazungumzia urais wa Novemba 1962, ambapo Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1 na Mtemvu takriban 21,000. Akisema alilazimika kuchagua watatu, mmoja Mhindi na mmoja Mzungu, huyo umempata, au amesimuliwa na aliyekuwapo. Muulize sifa yake ilikuwa ipi: mshahara, shule au cheo? Mtu aliyekidhi masharti yale alikuwa nadra kijijini na hulikumbuka jambo hilo. Mwisho usimtajie jina la Kunambi. Subiri alitaje mwenyewe, kisha muulize matuta ya Uluguru yalisemwaje kule pwani, na umwache aendelee.